Muhuri wa boga si stempu

SWALI: Naishi Minneapolis, Marekani. Mwaka huu mimi na binti yangu tumetengeneza kadi za Halloween kwa mikono. Tunapaka wino kwenye kipande cha mpira kilichochongwa boga au popo, kisha tunakigandamiza kwenye karatasi. Nataka kumpelekea mama yangu Tanga. Nimwandikie kwamba "tumepiga stempu za maboga"? Binti anasema muhuri ni wa ofisini tu. Na salamu yenyewe niiandikeje?

JIBU: Usimwandikie hivyo, dada yangu. Mama akisoma "stempu za maboga" ataigeuza bahasha huku na huku akizitafuta, na hataziona.

Neno hili limenichosha. Fundi anayechonga mihuri kando ya barabara ameandika ubaoni "tunatengeneza stempu". Karani ameshika muhuri mkononi, anakwambia "lete nikupigie stempu". Jamani! Stempu ni kile kikaratasi chenye thamani ya pesa, kinachobandikwa kuonyesha kwamba malipo yamefanyika. Ndivyo ilivyo, iwe ya posta, ambayo Uingereza ilitoa ya kwanza mwaka 1840, au ya ushuru kwenye chupa ya pombe kali. Stempu hubandikwa.

Mtazame karani wa posta anapopokea barua yako. Anaangalia kama stempu inatosha, kisha anachukua muhuri wenye jina la mji na tarehe, anaugonga juu ya ile stempu isije ikatumika tena. Vitu viwili, kazi mbili. Sasa lieleze tendo hilo kwa lugha hii ya ovyo: "karani amegonga stempu juu ya stempu". Ipi ina wino, ipi ina gundi? Mwaka 1895 Zanzibar ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa neno "Zanzibar". Kwa wenzetu hawa, stempu zilipigwa stempu! Lugha yenye maneno matatu kwa mambo matatu inalazimishwa kuishi na moja, na hilo moja linafanywa lisieleweke.

Wala sipingi ugeni wa neno. Muhuri asili yake Kiajemi, chapa Kihindi, stempu Kiingereza. Wote walikuja, kila mmoja akapewa kazi yake.

Binti yako namwelewa. Kwetu barua ya mtendaji isiyo na muhuri haipokelewi popote, kwa hiyo neno limeshika harufu ya ofisi. Lakini muhuri ni jina la kifaa. Kikichongwa boga badala ya nembo ya kata, bado ni muhuri. Kinachobaki kwenye karatasi ndiyo chapa, neno ambalo halijawahi kuwa la ofisi peke yake: ng'ombe hupigwa chapa, na vitabu vilipigwa chapa kabla ya sisi kuzaliwa.

Kutia muhuri, kupiga muhuri, kugonga muhuri, yote ni sawa. Kwa kadi yenu nachagua kupiga chapa, maana muhuri wa picha hugandamizwa wima, taratibu, bila kutikiswa. Ukiugonga kama karani mwenye foleni ndefu, wino unatawanyika na popo anatoka na mabawa manne.

Salamu ni rahisi. Halloween ni Kiingereza kilichofupishwa, maana yake mkesha wa Watakatifu Wote, yaani 31 Oktoba. Jina liache lilivyo, uandike "Heri ya Halloween". Ile "Furaha Halloween" ninayoiona siku hizi ni majina mawili yaliyowekwa pamoja bila kiungo. Iache.

Kwa mama andika: "Mama, kadi hii tumeitengeneza kwa mikono yetu. Maboga tumeyapiga chapa kwa muhuri wa mpira, mimi na mjukuu wako." Ongeza mstari mmoja wa kumweleza kwa nini boga lina macho na meno, kwa kuwa boga analolijua yeye ni la kupika kwa nazi.