Kukisia Vipindi vya Zamani vya Televisheni: Anza na Antena

Desemba, sisi Wachaga tunaotaniwa kwamba tunapanda Moshi kwenda kuhesabiwa, nyama ikishaliwa huwa tunacheza chemsha bongo: mmoja anasoma vidokezo vya kipindi cha zamani cha televisheni, wengine wanakisia. Mpanga maswali ni mimi, kwa hiyo haya yametoka sebuleni, si vitabuni.

Kabla hujaandika kidokezo hata kimoja, waangalie watu uliokaa nao. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ila huku bara vituo vimeanza 1994, ITV ikiwemo. Kabla ya hapo, mwenye runinga Rombo, mpakani, alielekeza antena Kenya. Mlingoti mrefu, mtu nje anauzungusha, mwingine ndani anapiga kelele, "Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Chenga zikipungua, watu wanakaa. Ndiyo maana baba mdogo wa Tarakea, huko huko Rombo, atadaka Vitimbi, kichekesho cha Kenya, hujamaliza sentensi, wakati binamu aliyekulia Dar anasubiri tamthilia ya Isidingo. Ukimwaga za Marekani tupu, nusu ya watu watahamia jikoni kwenye mazungumzo matamu zaidi.

Ukiwa upande wa kukisia, achana na kisa. Visa vinafanana. Shika tabia ya mtu, hasa ile inayokutenganishia vipindi viwili. Mfano: "Anatoka kwenye hatari kwa kuunda kifaa kutokana na vitu vilivyomzunguka." Watu wanarukia MacGyver, kumbe hata The A-Team walikuwa wakijifungia kwenye banda na kutoka na gari la deraya. Miaka nayo haikusaidii, maana kimoja kilirushwa Marekani 1983 hadi 1987, kingine 1985 hadi 1992. Subiri bunduki. MacGyver hazipendi, yeye na kisu chake cha kukunja. The A-Team risasi zinamiminika, na karibu hakuna anayekufa! Ukisikia jitu la miraba minne linaloogopa ndege mpaka wenzake walilaze kwa dawa ndipo walipakie, huyo ni B.A. Baracus, funga hesabu.

Za Kenya zina mtego wake. Kidokezo kikisema "Mzee Ojwang' na Mama Kayai", tulia, kwa sababu walionekana Vitimbi na Vioja Mahakamani pia. Uliza kama kuna hakimu. Mimi kwa Ojwang' hupenda kuanza na hiki: mzee anayeongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwigizaji mwenyewe, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Wazee wanakaa kimya, halafu wanacheka wote kwa pamoja.

Kwa mpangaji, nenda kutoka kwenye ugumu kuja kwenye wepesi. Isidingo ukianza na mhusika wake Barker Haines umeua swali. Anza na mgodi wa dhahabu, kisha Afrika Kusini, kisha kwamba ilianza 1998 na ikazimwa 2020, Barker awe wa mwisho. Mwaka wa kipindi cha nje usiutegemee sana. Wengi waliviona baadaye kwa marudio au kanda za video, na watakubishia kwa nguvu zote kwamba MacGyver ni ya juzi tu.

Simu zikusanywe kwenye sinia, za watoto na za wakubwa. Wakubwa ndio wanaoiba majibu zaidi.

Muziki wa mwanzo wa kipindi uwe kidokezo cha mwisho kabisa, na uimbwe kwa mdomo. Akitokea mtu anayeujua wimbo mzima ila jina la kipindi limempotea, mimi humpa nusu alama. Shangazi hakubaliani na hilo, na daftari la alama analishika yeye.