Dhamana ndo inapomkamatia maskini wa India, nimeona kwa macho yangu Pune

Wakuu habari zenu. Mleta mada kauliza kama ni kweli India tajiri na maskini wanahukumiwa kwa sheria mbili tofauti, na naona wengi mmejibu kwamba ni rushwa tu basi. Mimi nimesoma Pune 2013 mpaka 2017 na nilijikuta naenda mahakamani pale tena na tena kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo nijibu kwa nilichokiona. Rushwa ipo ndio, ila haihitajiki hata. Sheria ni ileile moja, inafatwa vizuri kabisa, na bado maskini anabaki ndani tajiri anaenda kulala kwake. Wanapoachana ni kwenye dhamana.

Jengo tulilopanga lilikuwa na mlinzi, mtu wa kutoka jimbo la Bihar, anakaa na mke wake na mtoto mdogo kwenye kachumba kalikojengwa chini ya ngazi, pembeni ya tenki la maji. Tulikuwa tunamwita bhaiya, yaani kaka, na yeye anatuita hivyohivyo. Mwezi wa pili 2015 ikapotea laptop na cheni ya dhahabu kwenye flati ya ghorofa ya tatu, polisi wakaja wakambeba yeye. Hakukutwa na kitu, ila ndo yeye mwenye funguo za geti na ndo yeye asiye na mtu wa kumpigia simu.

Usiku ule mke wake akagonga mlango wetu. Kihindi changu kilikuwa cha sokoni tu, na yeye anaongea haraka huku analia, lakini nikawa nasikia zamanat, vakil, tarikh, na nikashtuka kwamba naelewa, maana ni dhamana, wakili, tarehe, maneno yaleyale ya Kiarabu yaliyofika kwetu pwani na kwao pia yakafika. Sikuwahi kusikia Kihindi karibu namna ile.

Siku ya kumi na moja hakimu akampa dhamana, rupia 15,000 na mdhamini mmoja. Tukafurahi kweli, tukaona yameisha. Kumbe ndo yanaanza. Mdhamini lazima awe mkazi wa palepale, awe na hati ya nyumba au shamba au karatasi ya mshahara. Kaka yake ana kashamba kijijini, akapanda treni toka Bihar akaja na karatasi za shamba amezifunga kwenye mfuko wa nailoni, amezikumbatia kifuani safari nzima, akafika karani akazifungua akaangalia kidogo akamrudishia, mali iko jimbo lingine, haifai. Wenye flati ambao wangesaini kwa dakika tano hawakutaka kugombana na mwenzao wa ghorofa ya tatu. Sisi ni wageni wa viza ya masomo, hatukubaliki. Nje ya geti la mahakama kuna jamaa anakaa chini ya mti ana bahasha ya picha za pasipoti, kazi yake kudhamini watu asiowajua kwa pesa, alitaka rupia 4,000, wakili mmoja akatuonya tusithubutu, ikigundulika bhaiya anarudi ndani na kesi ya pili juu. Najua na kwetu kuna habari za wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa, lakini mtu aliyevuka nusu ya nchi kutafuta kibarua mdhamini mwenyeji anamtoa wapi?

Sasa kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadae. Jambo hili Mahakama ya Juu ya India ilishalitolea uamuzi 1978! Kesi ya Moti Ram, fundi mwashi wa Madhya Pradesh, hakimu alitaka mdhamini wa rupia 10,000, halafu akamkataa kaka yake kuwa mdhamini kwa sababu kaka na mali zake wako wilaya nyingine. Jaji Krishna Iyer akasema hapana, huyu ni Mhindi ndani ya India, akaamuru aachiwe kwa ahadi yake mwenyewe ya rupia 1,000, bila mdhamini. Mwaka uliofuata ikaja kesi ya Hussainara Khatoon, mahabusu wa Bihar waliokaa ndani muda mrefu kuliko hata adhabu ambayo wangepewa kama wangekutwa na hatia. Maamuzi mazuri mno, yanafundishwa vyuoni. Na miaka 37 baada ya Moti Ram mimi namwona kaka wa bhaiya anakunja karatasi zake kurudi stesheni.

Na sio yeye peke yake. Takwimu za magereza za serikali yenyewe za 2022 zinaonyesha watu 573,220 ndani, na kati yao 434,302 ni mahabusu, yaani hawajahukumiwa. Robo tatu ya walioko jela, sheria inasema bado hawana kosa! Wapo wa kesi nzito kweli, ila nani anakaa ndani kwa cheni na laptop? Rais Droupadi Murmu mwenyewe, mama wa kabila la Wasantal aliyezaliwa kijijini Odisha, alisimama mbele ya majaji Novemba 2022 akawauliza kama tunaenda kwenye maendeleo kwa nini tunahitaji kujenga jela zaidi.

Mwezi wa tano mwaka uleule wa 2015, bhaiya yuko ndani mwezi wa tatu, tukawa tunaangalia tv, Salman Khan, yule nyota wa sinema za Kihindi, kahukumiwa miaka mitano Mumbai kwa ajali ya 2002 iliyoua mtu mmoja na kujeruhi wanne waliokuwa wamelala kando ya barabara mtaa wa Bandra. Kahukumiwa mchana, jioni ileile mahakama kuu ikampa dhamana, hakulala jela. Desemba akashinda rufaa, mahakama ikasema upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba ni yeye aliyekuwa anaendesha. Sibishani na hukumu. Ninachosema, kesi yake ya miaka 13 karibu yote aliisubiria nyumbani, anafanya kazi, analipa mawakili wa kila ngazi. Mke wa bhaiya alikuwa kasimama mlangoni kwetu kaja kuomba chaja, akaangalia ile tv, hakusema kitu, akachukua chaja akashuka.

Mkitaka mfano wa karibuni, ni Pune hiyohiyo, Kalyani Nagar, Mei 2024. Kijana wa miaka 17, mtoto wa tajiri wa majengo, na Porsche anagonga pikipiki, vijana wawili wa kazi za kompyuta wanakufa, na dhamana inatoka ndani ya saa kama 15, sharti mojawapo aandike insha ya maneno 300 kuhusu ajali. Mpaka watu walipopiga kelele nchi nzima ndo akapelekwa kwenye mahabusu ya watoto, na mwezi uliofuata mahakama kuu ikamwachia. Madaktari wakakamatwa kwa tuhuma za kubadilisha sampuli ya damu yake. Mtoto kupewa dhamana mimi sina tatizo kabisa, ni haki yake. Ila na mtoto wa chini ya ngazi apewe kwa saa 15.

Sheria mpya iliyoanza Julai 2024 inasema mwenye kosa la kwanza akishakaa theluthi moja ya adhabu ya juu kabisa aachiwe (makosa ya kifo na kifungo cha maisha hayamo). Nzuri, ila kosa la miaka saba theluthi yake ni miaka miwili na zaidi, na lazima awepo mtu wa kumkumbusha hakimu.

Kwa bhaiya mtu huyo alipatikana mwezi wa tisa. Wakili kijana wa msaada wa kisheria, wa bure, ambao mtu yeyote aliye kizuizini India ana haki nao tangu sheria ya 1987, ila miezi saba hakuna aliyemwambia. Akaitaja kesi ya Moti Ram, hakimu akasikiliza dakika chache, akamwachia kwa ahadi yake mwenyewe. Alirudi kakonda, mtoto akamkimbia. Kachumba kalishapewa mlinzi mwingine, vitu vyao vilikuwa kwetu jikoni kwenye maboksi. Kesi haikufutwa, kwa hiyo hakuweza kurudi Bihar, akawa anafanya kibarua cha kubeba matofali ili awe karibu na tarehe zake za mahakamani, na mpaka naondoka 2017 alikuwa bado anahudhuria.