Je, naruhusiwa kuiacha familia nikaishi peke yangu shambani ili niijue nafsi yangu?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Nina mke na watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Jiji limenichosha: foleni, kelele, kazi ya ofisini nisiyoiona faida yake, na madeni ya vitu ambavyo wala sikuvihitaji. Nina shamba la urithi milima ya Usambara, lina chemchemi na kibanda cha udongo. Nataka nikaishi huko peke yangu miaka miwili, nizime simu, nile ninacholima, mpaka nijijue mimi ni nani hasa. Mtume (s.a.w.) naye alijitenga pangoni, na kuna hadithi isemayo: "Mwenye kuijua nafsi yake amemjua Mola wake." Mke wangu hataki. Je, nikiondoka napata dhambi?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, kuchoka na dunia si dhambi, na mtu asikuambie kwamba imani yako imepungua. Mtume (s.a.w.) alilala juu ya mkeka ukamwacha alama ubavuni. Maswahaba walipotaka kumtandikia kitu laini, akawaambia kwamba yeye na dunia ni kama msafiri aliyepumzika kivulini chini ya mti, kisha akaondoka akauacha. Ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Ibn Mas'ud. Na katika Sahihi Bukhari, Abu Said al-Khudri amepokea kuwa utafika wakati mali bora ya Mwislamu itakuwa ni kondoo na mbuzi anaowapeleka vileleni mwa milima na penye mvua, akikimbia na dini yake mbali na fitina. Basi hamu yako ina asili katika dini.

Lakini umetaja pango la Hira, na hapo nataka tutulie. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alipendezeshewa upweke, akawa anachukua chakula na kukaa Hira masiku kadhaa akiabudu, kisha anarudi kwa Bibi Khadija kuchukua chakula kingine. Mkewe alijua aliko, naye ndiye aliyekuwa akimwandalia. Jibrili alipomjia kwa mara ya kwanza, Mtume aliteremka mlimani akitetemeka, akaenda moja kwa moja nyumbani: "Nifunikeni, nifunikeni." Akamwambia mkewe kuwa anaihofia nafsi yake. Khadija akamjibu kwamba Allah hatamfedhehesha kamwe, kwa sababu yeye anaunga udugu, anabeba mzigo wa mnyonge, anamsaidia asiye na kitu na anamkirimu mgeni.

Zingatia maneno hayo, ndugu yangu. Katika saa ile nzito, aliyemweleza Mtume yeye ni nani alikuwa mkewe, na kila alichokitaja ni jambo ambalo mtu hawezi kulifanya akiwa peke yake. Huungi udugu na mti. Na baada ya kupewa utume hakurejea tena Hira kujitenga. Alichotuachia ni itikafu, yaani kujitenga kwa ibada msikitini, katikati ya watu, kumi la mwisho la Ramadhani.

Ama hilo neno "mwenye kuijua nafsi yake", si hadithi. Imamu Nawawi amesema halikuthibiti kwa Mtume, na wanazuoni wanalinasibisha na Yahya bin Muadh ar-Razi. Maana yake inaweza kuwa nzuri, ila Qur'ani imelianzia jambo upande mwingine: "Wala msiwe kama wale waliomsahau Allah, naye akawasahaulisha nafsi zao" (al-Hashr, 19). Anayemkumbuka Mola wake ndiye anayerudishiwa nafsi yake, awe Lushoto au Kariakoo.

Utasema: mbona Imamu Ghazali, yule mwanazuoni mkubwa, aliacha kufundisha Baghdad mwaka 1095 akaenda kujitenga Sham (Syria na pande zake)? Ni kweli, na huko Damascus alikuwa akijifungia mchana kutwa katika mnara wa msikiti. Lakini yeye mwenyewe ameandika kwamba aligawa mali yake akabakisha ya kumtosha yeye na riziki ya wanawe, na kwamba wito wa watoto wake ulimvuta kurudi nyumbani.

Sasa hukumu. Ukiondoka bila kuwaachia matumizi, ni dhambi bila shaka, Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kwa kuwatelekeza wale anaowalisha (ameipokea Abu Dawud). Ukiwaachia matumizi lakini mkeo hakuridhia, bado umemnyima haki yake. Khalifa Umar (r.a.) aliwawekea askari wake kikomo cha kukaa mbali na wake zao, baadhi ya riwaya zinasema miezi 4, nyingine 6, na hao walikuwa vitani! Wewe unataka miaka miwili kwa hiari yako. Haijuzu.

Na hayo madeni umeyapita haraka mno. Hayo ndiyo ya kwanza. Anayetaka maisha mepesi aanze kwa kulipa, na auze alichokinunua kwa mkopo ikiwa hakihitaji.

Ukishalipa, shamba lako ni neema. Ukiafikiana na mkeo, nenda siku chache kwa wakati, simu ikiwa wazi kwake, na usiikose Ijumaa kwenye msikiti wa karibu. Wanao wakifunga shule, nenda nao wakaioge chemchemi hiyo na kupanda miti. Anachokula ndege au mtu katika mmea wa Mwislamu ni sadaka yake, imo ndani ya Bukhari na Muslim. Huenda mkafika mahali mkahamia huko nyote.

Umeniandikia kwamba mkeo hataki, lakini hukuniandikia sababu. Kaa naye leo umuulize, umsikilize mpaka amalize, ndipo uniandikie tena.

Wallahu aalam.