Ukiitwa kuhojiwa uraia: maswali yenu kuhusu serikali

Wengi wanaonijia hapa Mombasa kujiandaa kwa mahojiano ya uraia wana karatasi zao zote na miaka inayotakiwa wameitimiza. Lakini wakisikia "utaulizwa kuhusu serikali" usingizi unapaa. Inaniuma, kwa sababu serikali hii wanaishi nayo kila siku, na kinachotakiwa ni kuitambua pale inapowagusa. Barua nimezifupisha, na majina sikuyaweka.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Kisauni mwaka wa tisa huu. Nimeomba uraia, nangoja kuitwa. Jirani ameniuzia karatasi ya maswali mia mbili nikariri. Nianzie wapi?

Marahaba, dada yangu. Hiyo karatasi iweke kando kwanza. Sheria ya Kenya haisemi utaulizwa maswali mangapi wala yapi, kwa hiyo anayekuuzia "maswali yenyewe" anakuuzia bahati yake.

Wewe unaomba kwa njia ya ndoa. Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuandikishwa mtu aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka saba au zaidi, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaangalia ndoa yenyewe: ilifungwa kwa utaratibu unaotambuliwa na sheria za Kenya, mnaishi pamoja, na hamkuoana ili upate uraia. Basi jiandae kuulizwa habari za nyumbani kwako. Sharti la kuijua Kenya vya kutosha, pamoja na haki na wajibu wa raia, limeandikwa waziwazi kwa wale wanaoomba kwa ukaazi. Hata hivyo aliyekaa mbele ya afisa anaweza kuulizwa lolote, na mimi sitaki uende mikono mitupu.

Anza na swali hili: siku nikila kiapo, nini kitabadilika katika maisha yangu? Utapiga kura. Utapata pasipoti ya Kenya. Na kuhusu ardhi, sikiliza vizuri: Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Raia anamiliki bila ukomo wa miaka. Kitu kimoja hutakipata: urais wa nchi hii ni wa aliye raia wa kuzaliwa tu. Hapo umeshajibu nusu ya maswali ya "haki za raia", na umeyajibu kwa mambo yanayokuhusu wewe na watoto wako. Upande wa wajibu, Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu, aifuate na aitetee Katiba. Kodi na kutii sheria huna haja ya kufundishwa.

Baada ya hapo ndipo ushike mihimili mitatu. Bunge linatunga sheria, Serikali Kuu chini ya Rais inazitekeleza, na Mahakama inazitafsiri na kuamua kesi. Katiba ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo.

Neno la mwisho kwako, na ni zito kuliko hayo yote. Kenya inakubali uraia pacha, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuchukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine na kubaki na wa kwao. Kabla ya kula kiapo nenda Ubalozi Mdogo wa Tanzania hapahapa Mombasa ukaulize hali yako, hasa kama una shamba au urithi Tanga.

Nimekaa Kenya miaka kumi na moja, ni mfanyabiashara, asili yangu Yemen. Kiingereza changu kibovu. Watanikataa? (Mji wa Kale)

Hapana, kaka. Sheria inamtaka anayeomba kwa ukaazi aelewe na azungumze Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Kiingereza hakikutajwa kama sharti. Na Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, kisha Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Hicho nacho ni kitu cha kuulizwa, kwa hiyo kishike.

Hakikisha tu kwamba hesabu ya miaka yako ni safi: saba mfululizo kwa kibali halali, na ile miezi kumi na miwili ya mwisho kabla ya kuomba uwe umekaa humu nchini.

Mwalimu, hawa viongozi wananichanganya. Gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, mwakilishi wa wadi. Kazi zao naona ni zilezile, kutoa basari na kuja mazishini. (Msichana, Likoni. Anamsaidia bibi yake kujiandaa.)

Mwanangu, uko na watu wengi katika hilo, na ndipo wengi wanapojikwaa. Wanakariri namba, kwamba kaunti ni 47, maeneo bunge 290, wadi 1,450. Kisha afisa anauliza, "Taka zikijaa mtaani kwenu, unamwendea nani?" na kimya kinatanda.

Mchukue bibi mtembee naye, au mkae barazani mtembee kwa maneno. Mnatoka nyumbani Likoni. Takataka zilizorundikana kando ya njia ni kazi ya kaunti. Soko, kaunti. Maji ya mfereji, kaunti. Zahanati, kaunti, na hata Hospitali Kuu ya Pwani ng'ambo iko chini ya kaunti. Watoto wa chekechea ni wa kaunti, lakini akiingia darasa la kwanza tu amevuka, shule ya msingi na ya upili ni za Serikali Kuu. Kituo cha polisi, Serikali Kuu. Chifu na naibu wake, Serikali Kuu. Bandari ya Kilindini, Serikali Kuu. Mgawanyo huu uko katika Jedwali la Nne la Katiba, na huo ndio ugatuzi wenyewe.

Sasa viongozi wanakaa mahali pao bila kulazimishwa. Gavana ndiye mkuu wa serikali ya kaunti, hivyo taka na zahanati ni mlango wake. Mwakilishi wa wadi anakaa Bunge la Kaunti, anatunga sheria za kaunti na kumhoji gavana. Likoni mna wadi tano: Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani. Mbunge anakwenda Bunge la Taifa, Nairobi, kwa niaba ya eneo bunge, na Mombasa tuna sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Mwakilishi wa kike anakaa katika Bunge hilohilo la Taifa, lakini kura zake ni za kaunti nzima. Seneta yuko Seneti kutetea maslahi ya kaunti, zikiwemo pesa tunazogawiwa kutoka Nairobi.

Majina mfundishe ya waliochaguliwa Agosti 2022. Gavana ni Abdulswamad Nassir, seneta ni Mohammed Faki. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Bibi akiitwa baada ya hapo, majina anayajifunza upya. Kazi za viti hazibadiliki.

Na hilo la basari na mazishi lisimtoke mbele ya afisa!

Nembo ya taifa ina nini na nini? Kila nikikariri nasahau kitu. (Bombolulu)

Chomoa sarafu mfukoni. Zile mpya zilizotoka 2018 zina mnyama upande mmoja: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Geuza. Simba wawili wamesimama wameshika mikuki na ngao, katikati ya ngao kuna jogoo ameshika shoka, na chini utepe ulioandikwa *Harambee*. Ile ya ishirini ni kubwa, utaona vizuri. Itazame ukiwa kwenye matatu badala ya kutazama simu. Na ukiulizwa kwa nini hakuna sura ya rais siku hizi, sababu ni kwamba Kifungu cha 231 kinakataza pesa zetu kuwa na picha ya mtu yeyote.

Wimbo wa taifa una beti tatu. Zijue zote, maana watu wengi wanaishia ubeti wa kwanza. Tuni yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, kule Mto Tana. Mimi hulisema jambo hili kwa fahari kila nikipata nafasi, kwa sababu Pwani tumeipa nchi nzima sauti ya kusimama nayo.

Mamangu ni Mkenya wa Majengo, baba ni Mkomoro. Rafiki zangu wanasema lazima nifanye mtihani wa uraia. (Miaka 19)

Si kweli, mwanangu. Kifungu cha 14 kinasema ukizaliwa na mama au baba raia, popote ulipozaliwa, wewe ni raia wa kuzaliwa. Unachoomba ni kitambulisho, na huko utakachotakiwa kuthibitisha ni kwamba mama ni mama yako na ni raia. Beba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chake. Akiwa hai na ana nguvu, nenda naye.

Wakiniuliza historia ya Pwani niseme nini? Wazee wetu wana maneno yao, na sitaki kujiharibia. (Mwembe Tayari)

Sema yaliyotokea, kwa utulivu. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1895, na bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwa barua kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Miongoni mwa ahadi zilizotolewa ni kuhifadhiwa kwa mahakama za kadhi. Ndiyo maana leo Kifungu cha 170 kinazitambua mahakama hizo kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ikapata uhuru. Hiyo ni Jamhuri. Madaraka ni 1 Juni, siku tulipopewa kujitawala mambo ya ndani mwaka huohuo. Mashujaa ni 20 Oktoba. Watu huchanganya Madaraka na Jamhuri mno, basi hapo tulia.

Mama yuko Columbus, Ohio, na dada yangu. Ameitwa kuhojiwa uraia wa Marekani, ana miaka 67. Tunamfundisha kwa simu usiku. Maswali yako yatamsaidia? (Tudor)

Hapana, na tafadhali msimchanganyie. Marekani wana orodha rasmi iliyochapishwa. Aliyewasilisha N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, kuanzia 20 Oktoba 2025 anasoma maswali 128, anaulizwa hadi 20, na lazima apate 12. Aliyewasilisha kabla ya hapo anasoma 100, anaulizwa hadi 10, na lazima apate 6. Mama yenu huenda ana nafuu kubwa zaidi: mwenye miaka 65 au zaidi, aliyekaa na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, miaka 20, anasoma orodha fupi ya maswali 20 tu, anaulizwa 10, anatakiwa kupata 6, na anaruhusiwa kujibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwambieni dada aangalie tarehe ya kadi ya kijani leo hii.

Kama hajafikisha miaka hiyo 20, bado asikate tamaa. Mwenye miaka 55 aliyekaa na kadi miaka 15 anaondolewa mtihani wa Kiingereza na kuhojiwa kwa lugha yake, ila orodha inakuwa ile ndefu.

Mtego wake mkubwa ni majibu ya nyumbani. Kwetu Rais anakaa miaka mitano, kule minne. Kwetu Mahakama ya Juu ina majaji saba na wanastaafu wakifika 70, kule ni tisa na hakuna umri wa kustaafu. Kwetu kila kaunti ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, kule kila jimbo lina wawili, jumla 100. Na kwetu anayetaka urais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, lakini kule wananchi huwachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaomchagua Rais.

Akishindwa mara ya kwanza, anaitwa tena kati ya siku 60 na 90, na anarudia sehemu aliyoshindwa tu.

Nikiulizwa kitu nisichokijua kabisa, je? Nibahatishe? (Magongo)

Swali la serikali, jaribu kwa unachokijua, na kikikosekana sema, "Hilo silijui, afande." Hakuna anayefukuzwa kwa kusahau jina la waziri. Lakini swali linalokuhusu wewe, kama vile lini uliingia nchini, umewahi kushtakiwa, au umeoa mara ngapi, usibahatishe hata nukta moja. Kifungu cha 17 kinaruhusu uraia wa kuandikishwa ufutwe ukigundulika ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo, hata miaka ikiwa imepita. Usiku wa kuamkia mahojiano, soma nakala ya fomu yako uliyojaza kabla hujasoma Katiba.