Sikuanza na jimu, nilianza na kutokukaa baada ya kula

Wapendwa, juzi nilienda kupima presha. Nesi akafunga ule mkanda mkononi, akaangalia mashine, akanyamaza, akaufungua akaufunga mkono wa pili, mimi huku moyo unaenda mbio nikijua tayari mambo yameharibika. Alafu akasema 122 kwa 78. Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi, na hiyo karatasi ninayo hapa mezani wakati naandika. Mwaka jana kipindi kama hiki nilisomewa 156 kwa 98, wakanirudisha siku nyingine wakapima tena ikawa ile ile, na kwa kawaida ikianzia 140 kwa 90 ikarudia hivo siku tofauti ndo unaambiwa una presha ya kupanda.

Jioni hiyo hiyo nikakuta meseji ya msomaji mmoja, "Dada mimi nimeanza mara nne nimeacha mara nne, niambie ukweli wewe ulifanyaje?" Nimeona nisimjibu peke yake maana najua mko wengi.

Ukweli ni kwamba nilianza vibaya sana, na nilianza kwa hasira.

Siku moja lifti ya kazini iliharibika na sisi tuna kikao ghorofa ya nne. Tukapanda ngazi wote, kufika ya pili mimi nimeshika chuma ya pembeni, nahema, nasikia masikio yanapiga kama ngoma, wenzangu wanapita. Mmoja wao, mtu ninaemheshimu na ambae tumekula nae miaka, akasema kwa sauti, "Tangulieni tu, huyu atawahi kikao cha kesho." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, nifanyeje sasa. Nilifika, nikakaa kikao kizima, nikachangia hoja, alafu nikaenda chooni nikalia. Yeye nadhani ameshasahau, mimi mpaka leo nikipita pale kiganja kinakumbuka ile chuma ilivokuwa baridi.

Wiki ile ile nikalipia jimu mwaka mzima. Nikaacha wanga kabisa, nikaacha sukari, nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri. Nilidumu wiki tatu. Usiku mmoja mikono inatetemeka kwa njaa nikaingia jikoni bila hata kuwasha taa nikamaliza pakti nzima ya biskuti nimesimama, na kesho yake sikwenda jimu, na keshokutwa pia sikwenda, ikawa imeisha hivo. Hasira ni moto wa mabua jamani, unawaka sana lakini huwezi kupikia.

Miezi imepita, ndo nikapimwa ile presha ya 156 kwa 98. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "Ukimaliza kula usiku unafanya nini?" Nikasema nakaa kwenye kochi na simu. Akasema, "Basi kabla hujakaa, tembea dakika kumi. Usibadilishe kitu kingine mwezi huu." Nilitoka pale nimekasirika kwa kweli, nikaona kama amenidharau, mtu nina tatizo kubwa ananipa dakika kumi.

Lakini nilifanya, na hapa ndo siri yangu yote ilipo. Niligundua adui yangu ni lile kochi. Nikikaa hata dakika moja nimekwisha. Kwa hiyo viatu nikawa naviweka chini ya kiti cha kulia chakula, nikimeza tonge la mwisho navaa, sahani naiacha pale pale, natoka. Mvua ikinyesha natembea ndani, kutoka chumbani mpaka mlangoni na kurudi, mtoto wangu ananihesabia mizunguko. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, ndo maana kutembea muda huo, baada ya kula, kunasaidia sukari isipande sana. Mimi hilo sikulijua, nilijua tu kwamba nalala vizuri zaidi.

Baada ya wiki kama sita zile kumi zikawa ishirini zenyewe, sikupanga. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ishirini mara siku saba ni 140, ukiongeza ngazi umefika, bila jimu. Na wale mnaoona aibu kwamba simu zenu hazijawahi kusoma hatua 10,000, ile namba ilitoka Japani, mwaka 1965 iliuzwa mashine ya kuhesabu hatua iliyoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa biashara. Mimi nilijichukia miaka kwa sababu ya jina la mashine!

Kwenye chakula sikufanya makubwa, nitapita haraka. Mwezi wa pili niliondoa kichupa cha chumvi mezani. Kiwango wanachoshauri ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate na ya vitu vyote vya kwenye pakti. Wiki mbili chakula hakikuwa na ladha, alafu ulimi ukazoea. Mwezi wa tatu nikaanza kupakua mboga kwanza, zijaze nusu sahani, ndo vingine vifuate. Na nikaacha kula nikiwa na simu, maana tumbo linachelewa kuupa ubongo taarifa kwamba limeshiba, inachukua kama dakika 20, na mimi nilikuwa namaliza sahani kwa dakika sita. Soda niliacha siku nilipogundua kopo moja la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, pima hiyo kwenye vijiko vya chai, ni karibia tisa. Niliipima kweli, nikaimwaga kwenye sahani nikaitazama.

Stresi ndo ngumu zaidi, sitawadanganya. Kazi haijapungua, na yule mtu bado tunakaa nae vikao. Ninachofanya, kahawa ya mwisho saa sita mchana, kwa sababu kafeini inakaa mwilini, baada ya kama saa tano nusu yake bado ipo. Na nikizidiwa naenda chooni, kile kile nilicholilia, navuta pumzi nikihesabu mpaka nne, natoa polepole nikihesabu mpaka sita, mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoa inatuliza mapigo ya moyo, utayasikia yanashuka.

Sasa niwaambie kitu, na mnivumilie. Acheni kungoja Jumatatu. Acheni kungoja mwaka mpya, nguo mpya za mazoezi, rafiki wa kwenda nae. Mnanunua programu za dayati mnazifuata siku nne mnajiita wavivu, nyie si wavivu, mmebeba mzigo wa mwaka mzima kwa siku moja. Bebeni kidogo. Na kama umepewa dawa za presha usije ukaziacha kwa sababu umesoma hapa kwangu, mwenye kusema punguza ni daktari wako, mimi nimesimulia ya kwangu.

Dada ulieniandikia, leo usiku weka viatu chini ya kiti kabla hujapakua. Ukimaliza kula usikae. Kesho niandikie umefika wapi, hata kama ni mlangoni tu na kurudi, mimi nataka kujua.