Kuripoti Shambulio la Kambi ya Jeshi: Ushauri kwa Wanahabari Wapya

Wengi wenu mnaoanza kazi katika redio za Nakuru hudhani kwamba shambulio la pwani ni habari ya wenzetu wa Lamu na Mombasa, na kwamba wajibu wetu huku ni kuisoma tu taarifa inapofika. Dhana hiyo huisha siku jamaa wa mwanajeshi wanapoanza kupiga simu studioni. Kambi ya Lanet iko hapa hapa kwetu, na Eldoret, ambako makurutu wa jeshi hufunzwa, haiko mbali. Kwa hiyo wasikilizaji wetu wana watoto, waume na ndugu katika vikosi tunavyovitaja hewani.

Chukueni mfano wa Manda Bay. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Januari 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab waliuvamia uwanja wa ndege wa kijeshi unaotumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani katika Kaunti ya Lamu. Asubuhi hiyo Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) lilisema kwamba jaribio la kuvunja ulinzi wa uwanja lilikuwa limezimwa, kwamba miili minne ya magaidi ilikuwa imepatikana kufikia wakati huo, na kwamba uwanja ulikuwa salama. Haikutaja kifo cha Mmarekani yeyote. Al-Shabaab nao walidai kuwaua Wamarekani 17. Baadaye siku hiyo hiyo, jeshi la Marekani lilithibitisha kwamba watu wake watatu walikuwa wameuawa, mmoja askari na wawili wafanyakazi wa kandarasi, na idadi ya washambuliaji waliouawa ikatajwa kuwa watano.

Mtangazaji aliyesema saa sita mchana kwamba “KDF inasema imepata miili minne” hakuwa na la kusahihisha jioni. Aliyesema kwamba “magaidi wanne wameuawa, shambulio limezimwa” alikuwa ameibeba kauli ya watu wengine kama yake, na ilipobadilika akabaki nayo mkononi. Kila idadi mnayoitangaza ipewe mwenyewe na saa yake, hata sentensi ikirefuka. Kuhusu madai ya Al-Shabaab, mimi husema tu kwamba wamedai kuhusika. Idadi yao siitangazi mpaka kuwe na chanzo kingine, na picha wanazosambaza, kama zile za wapiganaji waliofunika nyuso kando ya ndege zinazowaka, siziweki kwenye kurasa zetu, kwa sababu hutolewa kwa ajili ya propaganda.

Jambo dogo ambalo huku bara hutukosesha mara nyingi ni ramani. Uwanja uliovamiwa uko Magogoni, upande wa bara, ilhali uwanja ambao watalii wa Lamu hushukia uko kwenye Kisiwa cha Manda. Ukivichanganya, utakuwa umewatia hofu bure watu waliokwenda likizo pamoja na jamaa zao.

Sehemu ngumu zaidi ni familia. Kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde nchini Somalia iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, wengi wa wanajeshi waliokuwa humo walitoka katika kikosi cha Eldoret, na ibada ya kuwakumbuka ilifanyika katika Kambi ya Moi mjini humo siku chache baadaye. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa, na pale Rais wa Somalia alipotaja watu wapatao 180 au karibu 200, Nairobi iliikanusha idadi hiyo. Pengo kama hilo hujazwa na uvumi, na uvumi hutufikia kwanza kupitia simu za jamaa. Mpokee anayepiga kwa heshima, msikilize, mweleze ni nini kimethibitishwa na nani, lakini usimtajie jina ulilolisikia kwingine wala usimrekodi bila ridhaa yake. Jina la marehemu hatulitangazi kabla ya jeshi kuifikia familia, hata kama kituo kingine kimeshalitangaza. Mtaambiwa kwamba mmepitwa, vumilieni.

Mwisho, msilifunge faili baada ya wiki moja. Ripoti ya uchunguzi wa pili wa Marekani kuhusu Manda Bay ilitolewa Machi 2022, zaidi ya miaka miwili baada ya tukio, nayo ndiyo iliyoeleza kwa nini shambulio liliwezekana: ulinzi wa uwanja haukutosha, tishio halikueleweka ipasavyo, walinzi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha, na mfumo wa uongozi ulikuwa na kasoro. Ilikadiria washambuliaji kuwa kati ya 30 na 40. Hata hivyo, uchunguzi huo ulihusu mapungufu ya Wamarekani. Maswali kuhusu upande wa Kenya huulizwa KDF, Wizara ya Ulinzi na kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi, kwa barua yenye tarehe, na nakala yake huwekwa katika faili hilo hilo ili atakayeingia zamu baada yenu ajue kilichoulizwa na kisichojibiwa.