Ufunguo wa siri kati ya magari

SWALI: Ndugu Mhariri, baadhi ya magari ya kisasa hupeana taarifa kwa redio. Yakikutana Ubungo bila kufahamiana, hupataje ufunguo wa siri, yaani namba ya kufungia na kufungulia ujumbe, asioujua msikilizaji wa pembeni? Msomaji, Kimara.

JIBU: Njia mojawapo ni kuutoa ufunguo katika mawimbi yenyewe, pasipo kuutuma hewani. Magari hutumiana mawimbi ya majaribio kwa zamu, na kwa kuwa mapito ya mawimbi hayo, yanayogonga daladala, kuta na nguzo, huwa yaleyale kwenda na kurudi, kila gari hupata vipimo vinavyokaribiana sana na vya mwenzake, kisha huvigeuza kuwa sifuri na moja. Katika gigahezi 5.9, masafa ya redio yaliyotengwa kwa mawasiliano ya magari, urefu wa wimbi ni takriban sentimita 5, na vipimo hubadilika hata kwa umbali mdogo kama huo, hivyo mdukuzi aliye mita kadhaa pembeni kwa kawaida hupima mambo mengine kabisa.

Ugumu ni mwendo: kwa kilomita 60 kwa saa mapito hubadilika ndani ya milisekunde moja hivi, kwa hiyo zamu lazima zifuatane upesi mno, na tofauti zinazobaki husahihishwa baadaye. Foleni yetu, ajabu, haisaidii, kwani kila kitu kikisimama tuli vipimo havibadiliki na ufunguo huweza kubashirika. Aidha, njia hii peke yake haithibitishi utambulisho wa gari. Kwa hilo vyeti vya kidijitali, yaani vitambulisho vya kielektroniki vya gari, bado vinahitajika.